Kanuni ya Msiba

Kelestini alirudi kutoka Dar es Salaam Jumamosi saa tisa alasiri, boksi begani, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Nilipomwona anaingia uani nilifanya jambo ambalo mjane mwenye akili zake hafanyi: nilikimbilia ndani kujitazama kwenye kioo. Nikakifungua kitambaa cha kichwani, nikakifunga tena vilevile kilivyokuwa. Halafu nikajikasirikia, nikatoka kibarazani na uso wangu wa mwalimu wa hesabu, ule unaowanyamazisha wanafunzi wa kidato cha pili.

"Shikamoo mama," alikuwa anamwamkia mama mkwe wangu, ameinama na mzigo wake.

"Marahaba. Tua boksi kwanza, salamu hazikimbii." Mama Oliva alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, anapepeta mchele. "Mbona umekonda? Huko Dar hawali?"

"Wanakula, mama. Ila wanakula mbiombio."

"Za safari?" nikauliza.

"Nzuri, shemeji."

Shemeji. Mwaka wa tatu sasa tangu tumzike Vitus, mume wangu, na bado Kelestini aliniita hivyo. Ndilo jina langu la haki kwake, maana yeye na Vitus walikulia wote Chita, wakavaliana mpaka sare za shule. Alilitamka kwa adabu zote, nami nikalipokea kwa adabu zote, na katikati ya adabu hizo kulikuwa na kitu kilichoninyima usingizi. Cha kwangu nilikijua. Cha kwake nilikisoma machoni, kwa sababu macho ya Kelestini hayajui kusema uongo hata pale mdomo unapojitahidi.

Lakini macho hayapeleki barua ya posa. Tanga la Vitus lilikuwa halijaondolewa. Kwetu, mume akifa, ndugu hukutana baadaye wakatafuta siku, padri akasoma misa, nguo za marehemu zikagawanywa, na mjane akaambiwa mbele ya wote kwamba sasa yuko huru. Siku hiyo haikuwahi kufika. Mwaka wa kwanza mafuriko yalikula mpunga wote. Mwaka wa pili baba mdogo wa Chita aliugua. Mwaka huu Mama Oliva alisema tu, "Bado." Sikuthubutu kumuuliza bado nini. Kwa hiyo Kelestini alikuwa na sababu moja tu ya kuingia uani kwetu, hapa kijijini Viwanja Sitini, bila majirani kuuliza, na sababu hiyo iliitwa Twende.

Twende ni mchezo wetu. Ulizaliwa msibani, na hilo huwa hatuwaambii wanunuzi. Siku ya tano baada ya maziko, wanaume walikuwa nje wanacheza karata kama kawaida ya msiba, na Mama Oliva alikuwa ndani, hajala, hajasema neno. Vitus ndiye alikuwa mwanawe pekee; Oliva ni jina lake yeye mwenyewe. Kelestini akaingia, akakaa chini karibu naye, akasema, "Mama, tuseme wewe ni askari wa reli. Uko stesheni ya Chita, mvua inanyesha, treni imechelewa. Unasikia mtu analia ndani ya behewa la mizigo. Unafanya nini?"

Mama alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mwishowe akauliza, "Kwani nina tochi?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza baada ya siku tano. Usiku ule alikula uji. Kesho yake akauliza yule aliyekuwa analia ndani ya behewa ni nani.

Mimi nikaanza kuandika kanuni, kwa sababu nilipokuwa siandiki nilikuwa nalia. Mtu mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na karatasi inayosema huyo mhusika anaweza nini na hawezi nini. Jambo likiwa na mashaka, bahati inaamua. Mwanzoni bahati yetu ilikuwa dadu, lakini Mtoro mwenye duka alipoziona alirudi nyuma hatua mbili. "Kitabu nitakuuzia, mwalimu. Dadu hapana, ni haramu. Baba yangu atafufuka." Parokiani nao wakasema dadu ni kamari. Ndipo nikaokota vizibo vya soda kumi na mbili, nikaviandika moja hadi sita mara mbili, nikavitia kwenye mfuko wa kitambaa. Kizibo kikitoka hakirudi mpaka mfuko uishe. Kumbe Mtoro alikuwa ametusaidia bila kujua. Kwa dadu, bahati haina kumbukumbu. Kwa mfuko, ukizitumia sita zote mbili mapema, kila mtu mezani anajua siku mbaya zinakuja, na watu wanakuwa waangalifu, au wanakuwa mashujaa.

Na kanuni hizo hazikufungwa kwenye hadithi moja. Unaweza kucheza hadithi ya wavuvi wa mto, wapelelezi wa Morogoro, malkia, au watu waliohamia mwezini. Kelestini, ambaye ana ofisi ya kuchapa kadi za harusi na fulana, ndiye aliyepata maneno ya tangazo: *Chungu kimoja, mboga yoyote.* Yeye alihangaika na soko, mimi nikahangaika na kanuni. Tulijaribu Mngeta na vibarua wa shamba la mpunga siku yao ya mapumziko. Tulijaribu nyuma ya duka la Mtoro. Kila jaribio nilirudi na daftari limejaa makosa yangu. Mikono yetu haikuwahi kugusana isipokuwa tulipopeana mfuko wa vizibo, na nakiri kwamba kuna siku niliuchelewesha.

"Fungua, shemeji," alisema sasa, akakata utepe wa boksi kwa ufunguo. "Nakala mia tatu. Hizi hamsini, nyingine zinakuja na basi keshokutwa."

Jalada lilikuwa zuri kuliko nilivyoota. Chungu chekundu, na mvuke wake umegeuka treni, nyota, mtumbwi na mwanamke mwenye mkuki. Chini kabisa, majina mawili yamekaa jirani: Kelestini na Agnella. Nilinusa wino. Nililitazama lile jina lake karibu na langu mpaka nikaona haya mbele ya mama mkwe.

"Mama, ona."

"Naona. Huyo mwenye mkuki mbona hana viatu?"

Nikaanza kupekua. Sura ya saba, sura ya nane. Nikafika ya tisa, nikasoma kichwa chake, ambacho kilikuwa cha ile ya kumi, nikarudi nyuma ukurasa mmoja, nikaenda mbele tena.

"Sura ya tisa iko wapi?"

Kelestini alikuwa anakunjakunja ule utepe.

"Kelestini. Msiba uko wapi?"

"Niliutoa."

"Uliutoa."

"Yule dada mwenye duka la vitabu Sinza, Amira, niliyekwambia atachukua nakala mia. Aliusoma mswada wote, akaupenda. Ila anasema mnunuzi akishika kitu dukani anakipekua dakika mbili. Akikutana na jeneza, anarudisha. Na fundi wa mtambo alikuwa anasubiri. Nilikupigia simu hukupokea."

"Mara ngapi?"

Akaanza kuuzungusha utepe kidoleni.

"Nilikuwa darasani. Ulipiga mara ngapi?"

"Mara moja."

"Kwa hiyo sasa mhusika akifa?"

"Ukurasa wa thelathini na moja."

Nilifungua, nikasoma kwa sauti, kama ninavyosoma jibu la mwanafunzi aliyenakili. "'Mhusika akifa, mchezaji aandike mhusika mpya na mchezo uendelee.' Basi?"

"Ni kanuni fupi. Inauzika."

Sura ile niliiandika wiki mbili. Ilitoka Mngeta, ambako kibarua mmoja anaitwa Marcelino alipoteza mhusika wake, na wenzake wakakataa kuendelea. Tunaendaje bila kumzika? Wakasimama, wakaimba, mmoja akamsifu, mwingine akauliza panga lake atalirithi nani. Ilichukua saa nzima, na niliwaona watu wazima wakifuta macho kwa ajili ya mtu aliyeandikwa kwa penseli. Nikarudi nyumbani nikaandika: mchezo husimama, kila mmoja husema jambo moja juu ya marehemu, kila mmoja huchukua kitu chake kimoja, na mchezaji aliyempoteza mhusika hukaa kimya mpaka mwisho wa mchezo wa siku hiyo. Niliandika nikilia, na sikumwambia mtu.

"Vitus alizikwa na watu mia nne," nilisema. "Wewe umemzika kwa mstari mmoja."

Ungo wa Mama Oliva ulisimama.

Kelestini aliuacha utepe. "Kumbe ni yeye," alisema.

"Ulidhani ni nani?"

"Nilidhani ni kanuni, Agnella."

Agnella! Nimegombana na watu wengi maishani, lakini sijawahi kugombana na mtu huku moyo wangu unaruka kwa furaha, na aibu yake siwezi kuieleza. Hasira yangu haikupungua. Zilikaa zote mbili humohumo, hasira na ile nyingine, zinasukumana.

"Na nikwambie ukweli wote," akaendelea, sauti imeshuka. "Amira ni nusu ya sababu. Mwezi wa nne nilichezesha Chita, wewe ulibaki na mitihani. Kijana mmoja mhusika wake alikufa mapema, saa nne asubuhi. Wakamlilia vizuri, wakagawana vitu vyake. Halafu yule kijana akakaa. Amenyamaza, amefuata kanuni yako. Saa tano, saa sita, mpaka saa nane mchana. Wenzake wanacheza, yeye anatazama. Sikukuambia. Nilikuwa namwangalia, nikawa simwoni yeye tena. Namwona..."

"Unamwona nani?"

"Basi."

"Malizia," alisema Mama Oliva.

"Hapana, mama. Nisamehe."

Mama alisogeza ungo pembeni. Ana miaka sitini na minane, analima ekari mbili kwa mkono wake, na akiamua jambo huwezi kumwamulia lingine. "Leteni huo mfuko," alisema. "Mnabishana juu ya kufa, na hapa hakuna aliyekufa. Kelestini, simulia. Mimi nitakuwa Sajenti wangu."

Sajenti Noela, askari wa reli, ndiye mhusika wake tangu siku ile ya uji. Miaka mitatu hajamkubali mwingine. Mimi nilikuwa nesi wa zamu ndani ya treni. Kelestini alisimulia kwa sauti ya mtu aliyetoka kukemewa, lakini hadithi ilimpata polepole, kama inavyompata siku zote. Mvua kubwa milimani. Maji yamekula tuta la reli kabla ya Mngeta. Treni imesimama, na behewa la mwisho limening'inia juu ya mto, ndani yake kuna mtoto.

Tulichota na kuchota. Mimi nilipata sita ya kwanza kumfunga majeruhi mguu, na sita ya pili kumtuliza dereva. Mama alipata tano akavunja dirisha. Mfuko ulibaki na vizibo viwili.

"Behewa linaondoka," alisema Kelestini. "Sajenti, mtoto amenyoosha mkono. Ukiruka unahitaji nne."

Mama aliutikisa mfuko karibu na sikio lake.

"Mama, humo kuna viwili tu," nilimwambia.

"Najua. Moja na mbili. Sita zote umezila wewe na unesi wako."

"Basi ngoja. Nitavimaliza mimi hivyo viwili, mfuko ujazwe upya."

"Mtoto hangoji."

"Mama, utakufa!"

"Namsukuma mtoto ndani kwanza, halafu ndio nachota. Kanuni inaruhusu?"

Kelestini alinitazama. Inaruhusu. Niliiandika mwenyewe: ukiamua kulipa kwa mwili wako, mwenzako anapona bila kuchota. Mama akaingiza mkono, akatoa kizibo, akakiweka juu ya mkeka. Moja.

"Maji..." Kelestini alianza, akakohoa, akaanza tena. "Maji yamemchukua Sajenti Noela."

Jirani alikuwa anapiga redio.

"Haya," alisema Mama. "Kwa kitabu chako kipya, sasa nafanya nini?"

"Unaandika mtu mwingine, mama. Tunaendelea."

"Na mimi kanizika nani?"

Kelestini alifungua ukurasa wa thelathini na moja.

"Miaka mitatu nalinda reli yenu, usiku na mvua, halafu niandike mtu mwingine? Weka chini kitabu. Leteni kile cha mwalimu."

Niliingia ndani nikaleta mswada wangu, nimejaa ushindi, nisiseme uongo. Tukafanya kama ilivyoandikwa. Kelestini alisema Sajenti Noela aliuliza tochi kabla hajauliza mshahara. Mimi nikasema aliwahi kumnyang'anya mwizi kuku, akamfokea kuku pia. Mama akacheka mpaka akajifuta macho na khanga. Nesi wangu akarithi tochi. Filimbi akapewa yule mtoto. Nikamtazama Kelestini kwa jicho la unaona sasa, naye akakubali kwa kichwa.

Halafu tukaendelea, na Mama akanyamaza, kama kanuni ilivyotaka.

Nesi alitembea relini na majeruhi. Mama alichukua ungo, akauweka. Kelestini akauliza nesi anakwenda upande gani. Mama akafungua mdomo.

"Mama, kanuni," nilisema kwa upole.

Akaufunga. Akavuta kikombe chake cha chai, hakunywa. Akanyoosha mguu, akaukunja. Mfuko ulijazwa upya, nikachota nne, na hakuna aliyeshangilia. Baada ya muda niligundua kwamba mimi na Kelestini tunaulizana maswali kama watu wa dirishani ofisini, na kwamba macho yetu sote wawili yanamkwepa mama yule aliyekaa katikati yetu, mikono mapajani, anatutazama tukiishi.

"Nani aliandika mimi ninyamaze?" aliuliza ghafla.

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Marehemu hasemi."

"Marehemu ni Sajenti. Mimi ni Oliva. Niko hapa, nasikia, chai yangu inapoa, na ninyi wawili mnacheza vibaya bila mimi. Aliyekufa ni yule wa kwenye karatasi. Huyu aliyeishika karatasi amekosa nini?"

Nimesimama mbele ya ubao miaka minane. Swali la hesabu likinishinda huwa nasema tutaliangalia kesho. Hili halikuwa la kuahirisha.

"Nilidhani ni heshima, mama."

"Heshima ilikuwa pale mliponizika. Pale nilitamani nife tena. Lakini hiki cha sasa, mwanangu, ni adhabu."

Kelestini alikuwa anatazama chini, na nikajua alimwona nani siku ile Chita, saa nane mchana. Aliniona mimi. Nimekaa mezani miaka mitatu, nimetii kanuni niliyoitunga mwenyewe, nawatazama wengine wakicheza. Ilinichoma, na nilimwambia palepale, mbele ya mama.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba kanuni yako inafanana na wewe? Ungenifukuza."

"Ningekufukuza. Halafu ningeirekebisha. Wewe umeikata nisione. Ulitaka msiba wangu uishe, ukaona dawa ni kuuchana."

Alifumba macho kidogo. "Nimekosa."

"Umekosa sana."

"Nimekosa sana, Agnella."

Sikumsamehe siku ile. Lakini nilivuta daftari, kwa sababu kazi ni kazi, na vitabu mia tatu vilishachapwa. Tukakubaliana atachapa karatasi moja ofisini kwake, tuikunje tuitie ndani ya kila nakala, na Amira aambiwe ni kanuni ya nyongeza, mnunuzi haikuti mpaka afike nyumbani. Nikaandika: *Mhusika akifa, mchezo husimama. Kila mmoja atasema jambo moja juu ya marehemu. Mchezaji aliyempoteza ndiye atakayeanza kusema.*

"Na akishasema?" aliuliza Kelestini.

"Wengine watafuata. Halafu yeye ndiye atakayechota kizibo cha kwanza cha mfuko mpya, na mhusika wake mpya aingie hapohapo."

"Hapo sawa," alisema Mama. "Kabla chai haijapoa."

Niliisoma tena yote. Ilikuwa bora kuliko ya kwanza, na nilijua ilikuwa bora, na nilimwonea wivu mama mkwe wangu ambaye hajui hata kipeo cha pili ni nini.

"Sasa ijaribuni," alisema. "Si mnasema kanuni lazima ijaribiwe? Aliyempoteza ndiye anaanza kusema. Mimi ndiye niliyempoteza."

Tulidhani atamsifu Sajenti. Kelestini alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Mimi ndiye niliyesema bado," alianza. Alikuwa anazungumza na mikono yake. "Mwaka wa kwanza, mafuriko, kweli. Mwaka wa pili baba mdogo aliugua, kweli, lakini alipona kabla ya Pasaka na mimi nikakaa kimya. Mwaka huu sikuwa na sababu yoyote. Nilijua tanga likiondoka, nguo za Vitus zinaondoka. Na nguo zikiondoka, mwalimu naye anaondoka."

"Mama..."

"Nani anasema sasa hivi?"

"Wewe, mama."

"Basi. Mnadhani mimi sioni? Huyu anakutazama tangu mvua za mwaka juzi. Anakuita shemeji kama mtu anayemeza mfupa. Na wewe ukisikia sauti yake unakimbilia kioo. Nikasema, acha nicheze mchezo wao. Maadamu wanacheza kibarazani kwangu, hawajaondoka." Alikivua kitambaa chake, akakifunga upya kwa nguvu. "Nimewakalisha hapa. Si Vitus aliyewakalisha. Vitus alishakwenda zake."

Mimi nilikuwa na maneno mengi, yote mabaya: kwamba si kweli, kwamba sitaondoka. Maneno ya kumbembeleza mtu ambaye hakuomba kubembelezwa.

"Wewe kijana," alisema Mama. "Ukimchukua mwalimu, mimi nabaki na nani?"

Kelestini alivuta pumzi. Niliomba Mungu asiseme utakuja kuishi na sisi, wala asiseme mimi ni mwanao.

"Sijui, mama," alisema. "Nimelifikiria njia nzima kutoka Dar. Sijui."

Mama alimkazia macho. "Angalau hujanidanganya. Mimi nyumba hii sihami, na mtoto wa kukodi sitaki." Alishika ungo, akautikisa mara moja, akauacha. "Tanga tunaliondoa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, mpunga ukiwa ndani. Nitamwambia padri mwenyewe, na Chita nitapiga simu mwenyewe. Mpaka siku hiyo usikanyage hapa. Vitabu vyenu uzeni hukohuko barabarani. Na baada ya hapo, ukitaka kuja, unakuja na mtu mzima wa kukusemea, kama watu wanavyofanya. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Usinishukuru."

"Sishukuru, mama."

Wiki tano. Nilizihesabu papo hapo, na nilipoinua macho nikaona naye anazihesabu. Nilifikiri yamekwisha, nikaanza kukusanya vizibo.

"Na wewe," alisema Mama Oliva.

Nikaacha mkono juu ya mkeka.

"Tumepanga hapa mimi na huyu kama tunauziana mbuzi. Hakuna aliyekuuliza. Unamtaka?"

Ndani, kwenye msumari nyuma ya mlango, lilikuwapo koti la Vitus. Mbele yangu alikuwapo mama aliyemzaa, uso wake umekaza, anasubiri jibu ambalo tayari alilijua. Niliona ninavyoweza kumwonea huruma kwa kusema uongo. Ningesema mama, acha kwanza, tutaongea, naye angelala vizuri usiku ule, nami ningerudi kwenye kiti changu cha kimya mpaka nizeeke. Kelestini hakunitazama. Aliona hiyo si zamu yake, na kwa hilo nilimpenda kuliko siku zote za nyuma.

"Namtaka, mama."

Alitikisa kichwa kukubali, mara moja, mara mbili, mara nyingi, kama mtu anayejifunza wimbo.

"Haya," alisema. "Basi niacheni nilie leo, ili siku hiyo nisikuaibishe mbele ya watu."

Akavuta khanga akajifunika uso. Sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia, hata siku ya maziko. Siku ile alikuwa mkavu kama ukuni. Kelestini aliinuka, akasimama kando na kofia mkononi. Mimi nilihamia mkekani, nikakaa karibu naye, akanilalia begani kwa uzito wake wote. Sikumnyamazisha.